Bunduki Ndani ya Ndoo

Kituo cha kipimo, ng'ambo ya mto
3 Aprili

Dada,

Salamu nazifupisha, maana naandikia karatasi za daftari la vipimo na zimebaki kumi na tisa. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, na Kifungo, ambaye sasa ana miaka minne na maneno ya mtu wa arobaini, anauliza kwa nini shangazi haji.

Shangazi haji kwa sababu hakuna njia. Tarehe 24 Machi asubuhi ubao wa kipimo ulisoma mita sita nukta mbili. Saa saba mchana mto ulikuwa umevunja ukingo nyuma yetu pia, na kilima hiki sasa kina maji pande zote. Nimekizunguka: hatua mia tisa na arobaini. Mtumbwi wa ofisi umekwenda, nyavu zimekwenda, nusu ya ghala la chakula imekwenda. Mnara wa simu wa upande wenu unaonekana kutoka hapa, umelala chali.

Kilichobaki ni waya, ule unaovuka mto, ambao huwa nateremshia mashine ya kupimia kasi ya maji. Nyuzi zake nyingi zimekatika. Nimeutundikia ndoo na kuujaribu kwa mifuko ya mchanga. Kilo tano zinavuka. Kilo sita, ndoo inaruka kwenye roda, kigurudumu chake, na kuning'inia katikati ya mto. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuvuka, hata Kifungo. Tarishi, yule mzee wa ofisi aliyestaafu akakataa kukaa nyumbani, amefika jana ukingo wa pili kwa miguu. Ni siku tatu kutoka mjini. Anasema atakuwa anakwenda na kurudi hadi miguu imwambie basi. Hiyo ni kilo tano kwa wiki.

Kilo tano za unga kwa watu watatu kwa wiki ni vijiko, si chakula. Lakini kilima kimejaa wanyama waliokimbia maji: sungura, kwale, kanga, njiwa, na pimbi kwenye mawe ya juu. Wanafika mpaka hatua ishirini kutoka mlangoni. Mitego yangu ilinasa sungura wawili. Waliobaki wanakuja kuitazama, kisha wananitazama mimi.

Wewe ndiye fundi wa bunduki katika ukoo huu. Nitumie bunduki. Nataka ile ndogo ya risasi, pointi mbili mbili, na risasi mia.

Tuna unga wa siku kumi na nane, tukila mara moja kwa siku.

Mdogo wako


Karakana
7 Aprili

Kichwa Ngumu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Pointi mbili mbili, hapana. Hiyo ni silaha ya moto. Kila moja iliyo kwenye rafu yangu ina namba, namba ina mwenyewe, na kibali ni cha mwenyewe peke yake. Nikikutumia, nafungwa mimi na karakana inafungwa. Usiniambie hakuna atakayejua.

Bunduki ya upepo haihitaji kibali. Usiidharau. Kwa hatua ishirini, mikononi mwa mtu mwenye subira, inaua sungura sawasawa na risasi. Tena haina kelele. Ukimwangusha kwale mmoja, mwenzake anaendelea kuchakura. Kopo la punje mia tano, zile risasi zake ndogo, halifiki nusu kilo. Risasi mia tano za moto zingekula kilo moja na nusu ya ndoo yako.

Ninazo za aina tatu. Ya chupa ya hewa inalenga vizuri kuliko zote, lakini chupa ikiisha utaijaza na nini? Pampu yake pekee ni kilo mbili. Ya kupampu kwa mkono ni nyepesi. Unapampu mara nane kwa kila punje, hata mgonjwa anaiweza. Ubaya wake ni washa, zile pete za kuzuia hewa, zikila vumbi zinavujisha. Ya springi ni ile unayoukunja mtutu wake kama unavunja muwa. Haiombi kitu chochote ila punje, na inadumu miaka. Lakini inataka mabega. Kukunja ule mtutu ni kuvuta kilo kumi na saba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kitako, na mwenye kujifunza ataukunja mara thelathini kwa siku.

Kwa hiyo nijibu kabla sijachagua. Nani atapiga? Mikono yake ikoje? Umbali ni hatua ishirini kweli au ni hatua za mwenye njaa? Nijibu kama unavyousoma ubao wa maji, si kama unavyosimulia.

Nimekwenda ofisi ya maji. Mashua inakuja tarehe 20. Jikazeni siku hizo. Ndani ya ndoo kuna unga kilo nne, chumvi, na dawa ya kuharisha ya mtoto.

Dada yako


Kituo cha kipimo
11 Aprili

Dada,

Tarehe 20! Ningekubusu, ila wewe hupendi. Nimezichora siku zilizobaki ukutani kwa makaa kama vijiti, na kila asubuhi Kifungo anafuta kijiti kimoja.

Majibu. Mpigaji ni mimi. Mikono ni ile ile iliyokuhamishia mashine za karakana, ukasimama pembeni ukinielekeza kama jemadari. Umbali nimeupima kwa kamba ya ofisi: mita kumi na sita kutoka kizingitini hadi pale kwale wanapochakura. Kwa hiyo chagua ya springi. Ya kupampu wape wagonjwa, umesema mwenyewe.

Kwa kuwa mashua imepata tarehe, nimetangaza kula mara mbili kwa siku. Wifi yako alinuna kidogo, anasema tarehe si chombo cha kupanda. Nikamwambia dada yangu hajawahi kuniambia tarehe ikawa siyo. Kifungo ameacha kulamba sufuria.

Usisahau punje.

Mdogo wako


Karakana
15 Aprili

Mdogo wangu,

Haya, umepata ya springi. Ina kilo tatu na robo, na kopo moja la punje. Nafasi iliyobaki nimeijaza unga, kilo moja na robo tu. Wiki hii mtakula mnachopiga.

Nimeilenga kwa mita kumi na sita, usiguse skrubu za darubini. Anza na bati, usianze na mnyama. Ishike kwa wepesi, kama unavyombeba mtoto aliyelala. Usiilaze juu ya jiwe wala mfuko wa mchanga, kwa sababu springi inaisukuma mbele na nyuma kwa pamoja, na ikikutana na kitu kigumu punje inakwenda kwingine. Usiiache imekunjwa, itachoka. Usipige bila punje ndani. Sungura mlenge kichwani, kati ya jicho na sikio. Ukikosa hapo, umemkosa tu. Ukimlenga tumbo anakwenda kufia shimoni na hamna mnachokula.

Mengine unayajua.

Dada yako


Kituo cha kipimo
22 Aprili

Dada,

Tarishi amekaa siku nne ukingoni akiuguza mguu, ndiyo maana umechelewa kusikia. Kwanza hesabu: kwale watatu, sungura wawili, njiwa mmoja asiyejaza kijiko. Punje ishirini na sita zilikwenda kutembea. Mimi huwa nalala kifudifudi na bunduki juu ya mfuko. Najua ulichoandika, lakini kila mtu na mtindo wake.

Sasa sikiliza. Jumamosi ni siku yangu ya mafuta, unajua. Miaka tisa sijaruka Jumamosi: roda, bawaba, mashine ya kasi, saa ya kipimo, vyote vinapata mafuta. Basi nikaikagua na bunduki yako, nikaona pale mtutu unapokunjika kuna tundu dogo, kavu kabisa kama koo la mlevi asubuhi. Nikalitilia matone sita ya mafuta ya mashine.

Dada, ungeisikia! Mlio wa bunduki ya moto hasa! Moshi mweupe mdomoni, na punje imetoboa bati mbele na nyuma. Kumbe miaka yote mnawauzia watu bunduki zenye kiu. Sasa kila asubuhi naitilia kidogo. Wanyama wamesogea nyuma, lakini kwa nguvu hii tutawafuata huko huko.

Mashua imechelewa siku mbili. Foleni ya wapi hiyo? Unga tulioubakiza ni kidogo, maana tuliupigia hesabu ya tarehe 20. Hebu wasukume.

Mdogo wako


Karakana
26 Aprili

ACHA MAFUTA.

Nimeandika hilo juu kabisa ili ulisome kabla hujavuta triga. Mafuta yanaungua mbele ya pistoni kama kwenye injini ya dizeli. Huo mlio si nguvu, ni bunduki inajivunja. Washa inaungua, springi inakatika. Futa tundu kwa kitambaa kikavu, piga punje kumi kwenye udongo mpaka moshi ukome, kisha usiiguse na tone lolote.

Niliandika kuhusu jiwe na mfuko, sikuandika kuhusu mafuta. Katika karakana yetu hata mfagiaji analijua hilo, sikufikiri kuna mtu wa kumwandikia. Kosa ni langu.

Na kwa nini unapiga umelala? Tangu utoto hukuwahi kupiga manati umeketi, sembuse kulala. Niambie.

Mashua imeahirishwa. Sasa ni tarehe 2 Mei. Natuma unga kilo nne na nusu.

Dada yako


Kituo cha kipimo
29 Aprili

Wifi,

Naandika mimi. Yeye hajui. Hajui mengi tangu Jumatano, joto limempanda.

Barua yako ya mafuta imefika leo saa nne asubuhi. Springi ilikatika tarehe 24. Ililia kama kijiko kilichoanguka ndani ya bomba, na sasa mtutu unakunjika wenyewe, mlegevu, kama mkono wa mwanasesere. Unga wako Tarishi alianguka nao kijitoni njiani. Tumeokoa vikombe sita.

Umeuliza kwa nini anapiga amelala. Bega lake la kushoto lilivunjika siku ya mafuriko. Aliingia majini kuokoa ubao wa kipimo. Mtumbwi aliuacha uende, akafuata ubao, na gogo likampiga. Mfupa ulichomoza kama ncha ya penseli. Niliurudisha nikamfunga kwa shuka. Akaniapisha nisikwambie. Sababu aliyotoa ni kwamba ukijua utakuja mwenyewe na utazama. Sababu ambayo hakuitoa ni kwamba amekuwa mdogo wako maisha yake yote, na amechoka.

Kwa hiyo ile bunduki ya mabega ilipofika, bega halikuwepo. Mkunjaji nilikuwa mimi. Nakaa kizingitini, kitako kwenye paja, navuta mtutu kwa mikono miwili mpaka machozi yananitoka. Kisha namwekea punje, naye analala kwa upande wa kulia na bunduki juu ya mfuko wa mchanga, maana hana mkono wa kuishikia. Wale kwale na sungura tuliwapata kweli. Hesabu hakukudanganya.

Kuhusu mafuta nilimwuliza, "Dada yako amesema uweke?" Akasema, "Chuma ni chuma." Tangu milio ile, kila chenye masikio kimehamia mawe ya juu. Nimepima kwa kamba yake: mita sitini na nane. Hata springi ingepona leo, punje haifiki huko.

Nami nina swali. Mashua iko wapi? Tulikula mara mbili kwa siku kwa ajili ya tarehe 20. Mimi nilitaka kupima kwa kifuniko, nikaonekana mchoyo. Sasa unasema tarehe 2. Kuna mashua, wifi, au hakuna? Mimi si mdogo wako. Niandikie kama mtu mzima mwenzako.

Bega limeanza kutoa usaha. Kifungo haombi tena chakula. Angekuwa analia ningelala.

Wifi yako


Ukingo wa huku
6 Mei, saa tatu asubuhi

Wifi,

Ni mimi niliyevaa koti la bluu. Nakuona. Usipaze sauti, mto unameza yote. Tupishane kwa ndoo.

Hakuna mashua. Haijawahi kuwepo. Karani wa ofisi ya maji aliniambia ipo lakini injini imepelekwa kwingine, na kurudi kwake hakujui mtu. Tarehe 20 niliitunga mimi, na tarehe 2 pia. Nilimjua mdogo wangu: asipokuwa na siku ya kungojea, hujitosa. Unga mliokula mara mbili nimewaponza nao mimi. Sina la kujitetea.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda rafuni kabla sijakaa. Ndani ya ndoo kuna bunduki ya pointi mbili mbili, kilo mbili na gramu mia sita, risasi arobaini, vidonge vya usaha, kitambaa safi na unga kilo moja na nusu. Bunduki si yangu. Ni ya mteja aliyeleta kitako kitengenezwe.

Nimeichagua kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Haikunjwi, haipampiwi. Unavuta komeo kwa vidole viwili, risasi inaingia, unasukuma, basi. Haina teke la kumwumiza mtu mwenye njaa. Jana nimeilenga upande huu kwa mita sitini na nane. Hii unaweza kuilaza juu ya mfuko, haijali. Lenga nyuma ya mguu wa mbele. Hakikisha nyuma ya mnyama kuna udongo, si jiwe wala maji, maana risasi hii inaruka na kwenda mbali. Ukipiga moja, kaa kimya nusu saa. Watarudi. Komeo libaki wazi wakati hupigi, na mtoto awe nyuma yako muda wote.

Vidonge, viwili asubuhi, viwili jioni.

Mbona simwoni dirishani?


Kilimani, saa nne na nusu

Wifi,

Asante kwa kuniambia, ingawa umechelewa. Hasira nimeiweka kando, nitaichukua nikishiba.

Humwoni kwa sababu hawezi. Nilimwinua akuone, akazimia mikononi. Mkono umekuwa zambarau kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko na unanuka. Nimempa vidonge viwili. Alipoiona bunduki alisema, "Amechukua ya nani?" Nikamwambia anyamaze.

Nakwenda mawe ya juu. Kifungo nimemfunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda cha baba yake, anazungumza naye.


Ukingo wa huku, saa saba na robo

Nimesikia milio mitatu. Sioni kitu, mawe yananificha. Nijibu hata neno moja.


Kilimani, saa nane na nusu

Wa kwanza nilikosa. Wa pili ni sungura. Wa tatu ni pimbi, mnono, alikuwa anaota jua.

Kifungo alikunywa supu akatapika, akaomba tena, safari hii ikakaa. Baba yake alikataa, akasema apewe mtoto. Nikamwambia ushujaa tutafanya kesho, leo fungua mdomo. Vijiko vitatu.

Wifi, nyama sasa tunayo. Lakini bega halitibiwi kwa nyama. Hapa sina kisu cha kazi hiyo wala moyo wa kazi hiyo. Bila mashua ana siku nne, labda tano.

Hapa chini ameandika mwenyewe. Nimemshikia karatasi.

*Dada. Ningejibu kweli ungeleta ya kupampu. Haya. Usiguse waya, haukubebi. Rudi kazini.*


Ukingo wa mto
6 Mei, saa kumi alasiri

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi

YAH: TAARIFA YA KOSA LA SILAHA

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa bunduki mwenye leseni, karakana ya mjini, miaka ishirini na mbili kazini. Naripoti kosa nililotenda mwenyewe.

Tarehe 3 Mei nilichukua kutoka rafu ya karakana bunduki ya pointi mbili mbili, namba 41176, mali ya mteja, bila ruhusa yake wala ya mwajiri wangu. Leo asubuhi niliivusha mto kwa ndoo ya waya pamoja na risasi arobaini, nikamkabidhi mwanamke asiye na kibali. Hadi sasa amepiga risasi tatu. Ana thelathini na saba, na shabaha yake inazidi kuwa nzuri.

Silaha hiyo iko kwenye kilima kilichozungukwa na maji. Haifikiki ila kwa mashua. Mbeba barua hii, tarishi mstaafu, ameiona mashua ya kituo chako, mwendo wa siku moja tu kutoka hapa, ikiwa imefungwa gatini, ina injini, na injini inawaka. Mdogo wangu ambaye ni mpimaji wa mto, mkewe na binti yao wamekaa kilimani siku arobaini na tatu. Nimeuliza katika ofisi tatu na sikupata mtu ambaye kazi yake ni kuwafuata. Kwa bunduki isiyo na kibali, naelewa kazi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Ukiniambia irudishwe kwa ndoo, nakujulisha mapema kwamba wifi yangu amekataa. Tumeshauriana kwa maandishi na ushahidi ninao. Mwandikie na yeye hatia yake.

Nipo hapa ukingoni, nimevaa koti la bluu. Sikimbii. Mkija na pingu sawa, lakini njooni pia na machela. Mgonjwa ana siku nne.

Fundi


Wodi ya wanaume, hospitali
12 Mei

Wifi,

Wanasema barua zinakufikia huko mahabusu zikishasomwa na askari wa zamu. Basi na yeye asome.

Mashua ilifika tarehe 8, saa mbili asubuhi. Wewe walikuwa wamekwisha kukupandisha gari lao la kupita matope upande wa pili, niliona koti likiingia. Askari walikuwa wanne na afisa wao. Hawakusalimu. Afisa aliruka matopeni akauliza, "Silaha iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko chini ya godoro la mgonjwa."

"Kailete."

"Mimi sina nguvu, afande. Mgonjwa haamki. Mkiitaka, mnyanyueni na godoro lake."

Wakatazamana. Harufu iliwafika kabla hawajavuka kizingiti, na mmoja wao, mwenye masharubu, akavua kofia. Wakamnyanyua wote wanne, na godoro lake. Bunduki ilikuwepo, komeo wazi kama ulivyoagiza. Afisa akahesabu risasi: ishirini na nane. Akaandika. Tulipokuwa mashuani akaniambia, "Mama, wewe na wifi yako mmetuchezea shere." Nikamwambia, "Hapana, afande. Tumeita mashua." Baada ya muda alimpa Kifungo biskuti, naye Kifungo akamwuliza kwa nini alichelewa.

Mkono umekatwa juzi, juu kidogo ya kiwiko. Daktari anasema bega lenyewe litapona likiwa limepinda. Anasema ingekuwa siku moja zaidi angekuwa anazungumza nami mambo mengine. Sikumwuliza mambo gani.

Mwenye bunduki alikuja hapa jana. Nilidhani amekuja kupiga kelele. Alisimama kando ya kitanda, akamtazama, akauliza kama kitako kilichoungwa kilistahimili. Nikamwambia kilistahimili. Akasema ataongea na polisi, lakini hakusema ataongea nini, kwa hiyo usijenge juu ya hilo. Mwajiri wako hajafika. Ofisi ya maji imeleta barua ya kuuliza kwa nini vipimo vya Aprili havijawasilishwa.

Mimi natoa maelezo kesho saa tatu. Kosa langu nitalitaja lilivyo, sitakusingizia wala sitakuficha. Ile hasira nimeitafuta leo asubuhi baada ya chai. Ipo, lakini imepungua. Tutaizungumza ukitoka, mimi na wewe, mlango umefungwa.

Ameamka leo kwa mara ya kwanza akiwa na akili zake. Alijitazama upande wa kushoto muda mrefu. Kisha akauliza kama huko ulipo kuna baridi.

Nimekuletea blanketi, la kijivu lenye mstari mweupe. Afande unayesoma, blanketi hilo ni la kwake, si la kituo. Nitakuja Jumatatu kuliangalia.

Wifi yako